Umeongeza diski kwenye kompyuta ya zamani na sasa imegoma

Kompyuta iliyonisukuma kuandika haya ni yenye chipu ya 486 DX2 ya megahezi 66. Kava lake limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mwenyewe ni mzee mmoja wa Upanga, mhasibu mstaafu. Aliniita mwishoni mwa masika. Nilimkuta sebuleni na boksi la disketi za inchi 5.25 mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hizi ni hesabu zangu za miaka kumi na miwili. Mashine iliyokuwa inazisoma ilishakufa, na hii iliyobaki haina tundu lake."

Kazi zilikuwa mbili: kuongeza draivu ya inchi 5.25 iwe B, na kuongeza diski ngumu ya pili ya kuwekea nakala, kwa sababu ile ya ndani ni ya MB 340 na ilikuwa imejaa. Kwa maneno ni kazi ya saa moja. Ilinichukua Jumamosi tatu, na ndani ya hizo tatu nilikutana na nusu ya matatizo ninayoyaeleza hapa. Mengine nimeyapata kwenye mashine nyingine nilizoletewa.

Jambo moja niliseme mwanzo kwa kuwa ndilo linalookoa vifaa. Ukiongeza diski na kompyuta ikagoma, usianze kuilaumu diski mpya. Mara nyingi ni nzima. Kilichoharibika ni mapatano: nani anaitwa A na nani B, nani wa kwanza kwenye kebo na nani wa pili, BIOS, programu ndogo ya ndani inayoiamsha mashine, inaamini diski ina ukubwa gani, pawa saplai inaweza kubeba mzigo gani. Kompyuta za siku hizi hupanga mambo haya zenyewe. Hizi za zamani lazima ziambiwe kila kitu, na kila kifaa kiambiwe jambo lilelile. Kwa hiyo badili kitu kimoja, washa, tazama, zima, ndipo uguse kingine. Ukibadili vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hujui kilichoiponya. Ikifa, hujui kilichoiua.

Nazungumzia hasa mashine za chipu za 386, 486 na Pentium za mwanzo, maana ndizo ninazoletewa hapa Dar. Za mwanzo kabisa ni adimu kwetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ofisi nyingi zilizikuta mashine hizi zikiwa tayari zimepiga hatua kadhaa.

Kabla hujawasha

Geuza mashine utazame mgongo wa pawa saplai. Nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotoka Marekani huwa imewekwa 115, na ukiichomeka hivyo utasikia mlio mmoja na harufu ya kuungua. Itazame swichi hiyo kila unaponunua pawa saplai ya mtumba, hata kama muuzaji amekuapia.

Ukilazimika kuchomoa nyaya za pawa saplai kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, soketi mbili za P8 na P9 hurudi zikiwa zimekaa bega kwa bega, nyaya nyeusi za pande zote mbili zikikutana katikati. Zikikaa nje, mazabodi inaungua.

Halafu betri. Mazabodi nyingi za 386 na 486 zina betri ya mfano wa pipa iliyolehemiwa, na betri hizo huvuja. Maji yake hula njia za shaba mpaka zinageuka kijani. Ikate hata kama inaonekana nzima, futa pale ilipokuwa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kwa spiriti, uache pakauke. Betri ikifa BIOS husahau diski kila unapozima, nawe utadhani diski mpya ndiyo mbaya. Kwa sababu hiyo, kabla sijafungua skrubu hata moja, mimi huingia kwenye setapu, ukurasa wa mipangilio ya BIOS, na kuandika kwenye karatasi namba zinazoonyesha ukubwa wa diski iliyopo: silinda, vichwa, sekta. Karatasi hiyo imeniokoa zaidi ya mara moja.

Na kama diski ya kwanza bado inasoma, toa nakala ya kilicho muhimu leo, hata kama ni kwa disketi moja moja.

Haiwaki kabisa, au feni inatikisika mara moja na kusimama

Chomoa umeme wa diski uliyoongeza, uiache kebo yake ya data palepale. Washa. Ikiwaka, tatizo ni la umeme na kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni uwezo wa pawa saplai. IBM ilipotoa PC yake ya kwanza Agosti 1981 iliipa pawa saplai ya wati 63.5, kwa kuwa ndani yake zilitegemewa draivu za flopi tu, yaani za disketi. XT ya 1983, iliyokuja na diski ngumu ya MB 10, ikapewa wati 130. Tofauti hiyo inakuonyesha diski ngumu ni mlaji wa namna gani. Huvuta zaidi pale inapoanza kuzunguka, sekunde chache za mwanzo, na ukiwa na mbili zinaanza kwa pamoja. 486 yenye pawa saplai ya wati 200 inayofanya kazi sawasawa haitakuwa na shida hiyo.

La pili ni kigawanyio cha umeme, ile waya inayotoka moja na kuwa mbili. Waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na miwili myeusi ni ardhi. Nimewahi kuuziwa kigawanyio ambacho njano na nyekundu zimepishana upande mmoja. Nilikipima kwa mita kabla ya kukichomeka, na ndiyo sababu pekee draivu ya mzee ipo hai mpaka leo. Pima kila kigawanyio. Ni kazi ya dakika moja.

La tatu ni kapasita za tantalamu kwenye bodi ya diski yenyewe, vitone vidogo vya rangi ya chungwa au buluu, ukubwa wa kunde. Zikizeeka huweza kushikana ndani, na pawa saplai ikiona hivyo hujifunga. Diski ikiwa nje ya mashine, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya njano na nyingine kwenye nyeusi. Ukipata karibu na sifuri, kuna kapasita imekufa. Weka nyingine ya thamani ileile inayostahimili volti 25, na uangalie sana upande wa chanya.

Taa ya draivu ya flopi inawaka na haizimi

Kebo imegeuzwa. Upande wenye mstari mwekundu lazima uelekee pini ya 1, kwenye kadi inayoendesha draivu na kwenye draivu pia.

Inafaa kuelewa kwa nini taa inawaka, kwa sababu ndani yake kuna hatari. Kwenye kebo ya pini 34, pini zote za witiri ni ardhi na zile za shufwa ndizo zinazobeba amri. Amri inasomeka kuwa imetolewa pale waya unapovutwa chini hadi ardhi. Ukigeuza kebo, kila waya wa amri unakutana na ardhi, na draivu inapokea amri zote kwa mkupuo: zunguka, washa taa, sogeza kichwa, na pia andika. Kwa hiyo usiiwashe ukiwa umeacha ndani disketi yenye kitu unachokipenda. Draivu yenyewe kwa kawaida haiumii.

Draivu za 5.25 zina ukingo wa bodi wenye mkato mdogo, na mkato huo upo karibu zaidi na upande wa pini ya 1. Za 3.5 nyingi zina pini tupu zisizo na alama inayokulazimisha, ndiyo maana watu hukosea hapo.

Draivu zote mbili zinawaka pamoja, au A na B zimebadilishana

Angalia kebo ya flopi karibu na ncha yake: nyaya za 10 hadi 16 zimepinduliwa. Msokoto huo ndio unaoamua majina. Draivu iliyo ncha ya mwisho, baada ya msokoto, ni A. Iliyo katikati, kabla ya msokoto, ni B. Ili msokoto ufanye kazi yake, jampa za draivu zote mbili, vile vibanio vidogo vinavyounganisha pini, lazima ziseme kitu kimoja, yaani kila moja ijione kuwa ni ya pili. Zikiwa zimeandikwa DS0 hadi DS3, chagua DS1. Zikiwa DS1 hadi DS4, chagua DS2. Draivu iliyotoka kwenye mtambo usio wa PC huwa imewekwa kwenye namba ya kwanza, na hapo ndipo vurugu huanza.

Kebo iliyonyooka, isiyo na msokoto, haifai mpango huu. Nayo kebo yenye soketi za ukingo wa bodi kwa ajili ya 5.25 haipatikani kirahisi. Yangu niliitoa kwenye mashine iliyokufa. Nilizunguka Kariakoo siku nzima, maduka ya Aggrey na Msimbazi, kila mtu akinionyesha kebo za simu kwa ukarimu mkubwa. Ukipata mashine mbovu, itupe mashine ubaki na kebo.

Kwenye bodi ya draivu za 5.25 kuna pia kifurushi cha resista za kumalizia, mara nyingi kimechomekwa kwenye soketi. Kibaki kwenye draivu ya ncha ya mwisho tu. Vikibaki viwili unaweza kupata makosa ya kusoma yasiyo na mpangilio, leo inasoma, kesho haisomi.

Ukimaliza, iambie BIOS aina halisi ya kila draivu. Draivu ya MB 1.2 iandikwe hivyo hata kama disketi utakazoingiza ni za KB 360. Kwa wenye XT: kadi yake ya asili ya flopi haiendi kasi inayotakiwa na MB 1.2 au 1.44, hivyo utahitaji kadi nyingine yenye BIOS yake.

Umebadili disketi lakini DIR inaonyesha faili za ile iliyotoka

Hili naomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote ya flopi. Unatoa disketi ya kwanza, unaingiza ya pili, unaandika DIR B:, amri ya kuorodhesha faili za B, na orodha inakuja ileile ya mwanzo. Mafundi wengine huita orodha ya mzimu. Ukiandika faili hapo, DOS, mfumo unaoendesha mashine hizi, itatumia ramani ya disketi ya kwanza kuandika kwenye ya pili, na disketi ya pili inaharibika bila onyo lolote.

Chanzo ni waya wa 34, unaobeba taarifa kwamba mlango umefunguliwa. Ama waya umekatika, ama jampa ya draivu imewekwa itoe ishara nyingine kupitia pini hiyo. Tafuta jampa yenye herufi DC na uichague badala ya ile ya RY au RDY. Mpaka utakapotatua, usiandike chochote kwenye draivu hiyo.

Kwenye kazi ya mzee nililikuta hili Jumamosi ya kwanza. Lililotukinga ni kwamba kabla ya yote tulikaa wawili mezani tukaziba mkato wa pembeni wa kila disketi kwa kipande cha utepe mweusi wa fundi umeme. Kwenye disketi za 5.25 mkato ukizibwa haziandikiki. Tumia utepe usiopitisha mwanga, maana draivu nyingi huuchungulia mkato huo kwa taa, na selotepu nyeupe haizibi kitu.

Draivu ni nzima lakini disketi hazisomi

Hapa ndipo hali ya hewa ya Dar inapoingia. Shika disketi kwenye mwanga wa dirisha, chungulia kwenye tundu refu la jalada, halafu izungushe taratibu kwa kidole kupitia tundu la katikati. Uso wake unatakiwa kuwa wa kahawia au mweusi, unang'aa sawasawa. Ukiona madoa meupe, au duara zenye ukungu kama wa mkate uliolala, usiiingize. Ukungu ule hunasa kwenye kichwa cha kusomea, kichwa kinaanza kukwangua, na disketi inayofuata, hata iwe safi, inakwanguliwa pia.

Mzee alikuwa na disketi sitini. Kumi na moja zilikuwa na ukungu. Nilifanya hivi: nikachana ukingo wa jalada kwa wembe, nikatoa ile sahani laini nikiishika kwa kingo tu, nikaiosha kwa maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kuongezea kwenye betri ya gari, yasiyo na asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo. Nikapapasa kwa pamba bila kukandamiza. Nikaisuuza, nikaianika kivulini juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi. Ilipokauka kabisa nikaiingiza kwenye jalada safi la disketi isiyo na maana. Tisa kati ya kumi na moja zilisoma. Mzee alikaa pembeni muda wote, akiziandika namba kwenye daftari kwa mwandiko wake wa kihasibu, na kila iliyosoma aliweka vema.

Kichwa cha draivu chenyewe kisafishwe kwa alkoholi ya aisopropili na kijiti cha pamba, kila baada ya disketi kadhaa chafu. Ukisikia mlio wa kukereza, toa disketi mara moja.

Kuna sababu nyingine isiyo ya uchafu. Draivu ya KB 360 huandika njia 40 pana. Ya MB 1.2 huandika njia 80 nyembamba. Ya MB 1.2 inasoma disketi za KB 360 bila taabu, lakini ikiandika juu yake inaacha mstari mwembamba ndani ya mstari mpana wa zamani, na draivu ya asili ikija kusoma inakuta mabaki ya pande zote mbili. Soma tu, usiandike.

Diski ngumu ya pili haionekani, au imeonekana na ya kwanza imepotea

Mara nyingi skrini husimama kama nusu dakika, kisha huja ujumbe wa hitilafu ya diski. Kwenye mashine za IBM AT na jamaa zake utaona namba: 1780 ni diski ya kwanza kushindwa, 1781 ni ya pili, 1782 ni kadi yenyewe.

IDE ndiyo njia ya kuunganisha diski ngumu kwenye mashine hizi. Kebo yake moja hubeba diski mbili: masta, ya kwanza, na sleivu, ya pili. Tofauti na flopi, hapa hakuna msokoto. Jampa ndizo zinazoamua. Kosa linalowanasa wengi ni kusahau kwamba diski ya zamani huwa na hali tatu: masta aliye peke yake, masta mwenye sleivu, na sleivu. Diski iliyoishi peke yake miaka yote imewekwa kwenye hali ya kwanza. Ukiiongezea mwenzake bila kuibadili jampa, haimtambui. Kwa hiyo diski ambayo hukuigusa kabisa ndiyo inayotakiwa kubadilishwa, na watu hulikosa hilo kwa sababu macho yao yote yapo kwenye mpya.

Ukiona jampa ipo kwenye CS, yaani kebo ndiyo ichague, iondoe hapo. Mpango huo unahitaji kebo maalumu, na mashine za umri huu hazina.

Jampa zikiwa sawa na bado zinagombana, zibadilishe vyeo: aliyekuwa sleivu awe masta. Diski zilizotengenezwa kabla kiwango cha ATA, jina rasmi la IDE, hakijapitishwa mwaka 1994 zilifuata mazoea ya kila kiwanda, na za viwanda viwili tofauti zinaweza kukataa kukaa kebo moja hata ufanyeje. Kama kadi yako ina njia ya pili ya IDE, mpe kila mmoja njia yake. Kama haina, tafuta jozi ya kiwanda kimoja. Diski za mzee zilikuwa za viwanda viwili. Zilipatana nilipoifanya ile mpya kuwa masta, jambo ambalo lililazimisha nihamishe mfumo mzima. Nililifanya hilo kwa saa nne, na sijutii.

Kebo yenyewe isizidi sentimita 46. Ukipata ile ya nyaya 80, soketi ya buluu iende kwenye kadi, nyeusi kwa masta, ya kijivu kwa sleivu. Na wanaotumia kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash kama diski, njia nzuri ya kimya na isiyokula umeme: baadhi ya kadi hizo hukataa kuwa sleivu. Ifanye masta kwanza kabla hujaitupa.

Diski inaonekana, ila ukubwa wake ni mdogo kuliko lebo

Umeweka diski ya GB 1.2 na mashine inaona MB 504 tu. Diski haina kosa. BIOS za zamani zinaweza kuhesabu silinda 1024, vichwa 256 na sekta 63. IDE nayo inaweza kuhesabu silinda 65,536, vichwa 16 na sekta 255. Kila upande peke yake una nafasi tele, lakini vikikutana inabaki ndogo ya kila kipengele: silinda 1024, vichwa 16, sekta 63. Zidisha hizo, kisha mara baiti 512 za kila sekta, unapata baiti 528,482,304. Ndiyo MB 504 kwa hesabu ya kompyuta.

Lebo ya diski niliyoiweka ilisema silinda 2,484. Ukiingiza namba hiyo kwenye BIOS isiyoielewa, baadhi yake huzunguka: ikipita silinda ya 1024 inarudi mwanzo na kuandika juu ya mwanzo wa diski. Utaona kila kitu ni kizuri kwa wiki kadhaa, mpaka siku diski itakapojaa kupita hapo, ndipo folda zote zitapotea kwa dakika moja. Weka 1024 kwa mkono kwenye aina ya 47, au aina yoyote ambayo BIOS yako inakuruhusu kuijaza mwenyewe.

Ukiitaka diski yote, zipo programu zinazokaa mwanzo wa diski na kutafsiri namba, na ipo XTIDE Universal BIOS, ya bure, inayowekwa kwenye chipu ya ROM ya kadi ya mtandao. Naipenda hiyo ya pili kwa kuwa haigusi diski. Lakini jiulize unahitaji kiasi gani. Disketi sitini za KB 360 hazifiki MB 22. Kwa mzee nilibaki na MB 504 na nikalala usingizi.

Vipo vizingiti vingine juu zaidi: GB 8.4, GB 32 ambapo baadhi ya BIOS huganda kabisa, na GB 137. DOS nayo ina vyake: MS-DOS 3.3 haikubali patisheni, yaani kipande cha diski kilichotengwa, ya zaidi ya MB 32, na 6.22 inaishia GB 2.

Patisheni zitengenezwe kwa FDISK, programu ya DOS ya kugawa diski, kwenye mashine ileile itakayotumia diski. Mashine mpya inaweza kuhesabu vichwa kwa namna nyingine, na diski iliyogawanywa huko ikaja hapa ikaonekana tupu.

Programu zimeacha kufanya kazi baada ya diski ya pili kuingia

Herufi zimehama. DOS hugawa kwanza patisheni kuu za diski zote, ndipo inarudi kwa zile za ndani ya patisheni ya ziada. Kama diski ya kwanza ilikuwa na C na D, ukiongeza ya pili yenye patisheni kuu, hiyo mpya inakuwa D na ile D ya zamani inasukumwa kuwa E. Programu ya hesabu ya mzee ilikuwa inatafuta faili D, ikakuta pametupu, ikasema daftari halipo. Alishtuka sana, na mimi pia.

Dawa: kwenye diski ya pili usitengeneze patisheni kuu. Tengeneza ya ziada peke yake na herufi zake ndani yake. Hapo itasimama nyuma ya foleni, na zote za zamani zinabaki na majina yao. Draivu ya CD ipangiwe herufi ya mbali kwenye mstari wa MSCDEX, programu ya DOS ya kusomea CD, kwa /L: na LASTDRIVE, herufi ya mwisho inayoruhusiwa, iongezwe kwenye faili la CONFIG.SYS.

Diski haizunguki, au inagonga

Diski iliyolala miaka mingi, vichwa vyake vinaweza kuganda juu ya sahani. Utasikia mvumo mdogo, kisha kimya. Ishike bapa kiganjani, izungushe kwa ghafla kidogo kwenye usawa wake kama unavyozungusha ufunguo, mara mbili tatu, kisha jaribu. Usiigonge mezani. Ikizunguka, usiizime mpaka umetoa nakala ya kila kitu.

Na kama umeibeba kutoka chumba chenye kiyoyozi mpaka kwenye joto la nje, iache ipumzike saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Kitu cha baridi kikikutana na hewa yetu hutoa jasho, na jasho hilo huingia ndani kupitia tundu dogo la kupumulia. Tundu hilo usilizibe.

Asubuhi inafanya kazi, mchana inagoma

Pima volti mashine ikiwa inafanya kazi: njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka kadiri joto linavyopanda, kapasita za pawa saplai zimechoka. Umeme ukiwa unapanda na kushuka, weka stebilaiza kabla hujamtafuta mchawi mwingine.

Volti zikiwa sawa, tazama diski zimekaaje. Kwa mzee tulipata makosa ya kusoma kila ifikapo saa nane mchana, dirisha likiwa wazi na feni ya dari inazunguka. Diski mbili zilikuwa zimebanana kwenye kizimba, ya juu ikipokea joto lote la ya chini; ukiigusa kidole hakikai. Nilihamisha ile ya juu hadi kwenye nafasi tupu iliyo chini ya draivu ya 5.25, nikaacha upenyo wa vidole viwili, nikafuta vumbi kwenye feni ya pawa saplai. Jumamosi ya tatu iliwaka tangu saa tatu asubuhi hadi magharibi, na mzee akanakili disketi zake zote hamsini na nane zilizosomeka bila kosa hata moja.